Nahodha Hujulikana Majini

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na vijana wa Jumuiya, Kigobe, Bujumbura

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari na mito hata vyombo vikapita juu yake kwa amri yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila awafuataye kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, mama zetu, ndugu zangu, nanyi vijana mlioketi nyuma karibu na mlango:

Nimetakiwa na Halmashauri ya Jumuiya niseme maneno machache juu ya malezi ya vijana na uongozi. Mimi si mtu wa shule kubwa. Nilisoma chuoni kwa maalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na shule ya msingi nikaimaliza. Baada ya hapo elimu yangu nimeipata kwa kuketi mbele ya wenye kujua. Kwa hiyo msitaraji kwangu maneno ya kitaalamu. Nitasema habari ya mto, na habari ya mtumbwi, na habari ya kosa langu mwenyewe. Kisha nitarudi kwenye jambo ambalo kila aliyemo humu analijua, wala hapana aliyelisema kwa sauti.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka jana vijana wetu kumi na wanne walileta barua kwa Halmashauri. Waliomba ruhusa wasafiri kwa mitumbwi wakati wa likizo ya kiangazi, wafuate ukingo wa Ziwa Tanganyika kutoka hapa Bujumbura hadi Rumonge, wakilala ufukoni, wakipika wenyewe, na wakiongozana wenyewe kwa zamu. Barua ile ikasomwa, ikawekwa. Wazazi wakasema: "Ziwa lina mamba, ziwa lina viboko, ziwa lina upepo. Watoto wetu wasome. Mitumbwi ni kazi ya wavuvi." Nami nilikuwapo siku ile. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Leo nimesimama ili niutengue unyamavu wangu ule.

Ndugu zangu, sisi tukaao Kigobe tuna mtihani wa peke yetu. Hapa petu limesimama jumba kubwa la mikutano ambamo Bunge la nchi yetu limekuwa likikutana. Tangu utotoni watoto wetu huona magari yakipita mbio, njia ikifungwa, watu wakisogezwa kando. Mwulize mtoto wa hapa, "Kiongozi ni nani?" Atakuambia ni yule apishwaye njia. Simlaumu, kwani asemalo ndilo alionalo. Lakini shukeni ziwani alfajiri, saa ambayo mitumbwi ya ndagala hurejea na taa zake, mkamwulize mvuvi swali lile lile. Atawaonyesha mtu aliyeketi tezi, ameshika kafi la usukani, nguo zake zimelowa kama za wenziwe au kuzidi. Huyo hakupishwa njia na mtu. Yeye ndiye aliyewatafutia wenziwe njia usiku kucha.

Mto wetu wa Rusizi nao una fundisho. Hutoka Ziwa Kivu, lililo kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, ukaingia Ziwa Tanganyika, lililo kimo cha mita 770 hivi. Maana yake, mto huu hushuka karibu mita 700 katika safari isiyo ndefu. Na sehemu kubwa ya mteremko huo i huko juu, katika makorongo ya kusini ya Bukavu, ambako maji hupita yakinguruma baina ya majabali, na tangu miaka ya 1950 watu wameyajengea mabwawa ili kupata umeme. Ufikapo bonde la Imbo mto hutulia, hupindapinda, hubeba tope taratibu. Mtu aliyeuona Gatumba tu husema, "Mto huu ni mpole." Hajaujua. Na hivyo ndivyo tulivyo sisi wanadamu. Kijana akiwa nyumbani, amekula, amelala, kila siku yake imepangwa na mama yake, hapana ajuaye ni mtu wa namna gani. Hata mwenyewe hajijui.

Sasa niwasimulieni habari ya mtu mmoja wa lugha yetu. Jina lake Uledi. Vitabu vya shule humtaja bwana wake, Henry Morton Stanley. Lakini Uledi ni wachache wamjuao. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa historia, ndiye aliyenisomea na kunifasiria habari zake katika kitabu alichokichapisha Stanley mwaka 1878.

Tarehe 17 Novemba 1874 msafara wa watu 356 uliondoka Bagamoyo. Wengi wao walikuwa wangwana wa Unguja na watu wa pwani, wasemao Kiswahili kama sisi. Walichukua mashua ya futi arobaini, iitwayo Lady Alice, iliyokatwa vipande vitano ili ichukulike mabegani. Mwezi wa Juni na Julai 1876 waliipiga makasia katika ziwa letu hili la Tanganyika. Kisha wakavuka ng'ambo, wakafika Nyangwe, wakaingia mto mkubwa wa Kongo, wakaazimu kuufuata hata baharini. Na Uledi alikuwa ndiye mshika usukani wa mashua ile.

Kutoka mahali ilipo leo miji ya Kinshasa na Brazzaville hadi karibu na Matadi, mto ule hupasua milima, ukiporomoka mahali baada ya mahali. Hata leo meli hazipiti hapo. Ndiyo sababu ikajengwa reli ya kutoka Matadi, iliyokwisha mwaka 1898. Watu wa msafara ule walipambana na maji hayo kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai 1877. Palipopitika, waliishusha mitumbwi kwa kamba, watu wakishika kutoka ukingoni. Pasipopitika, walikata miti, wakaiburura mitumbwi nchi kavu juu ya magogo, jua likiwachoma na njaa ikiwauma. Mwisho wa Machi mtumbwi aliokuwamo kijana Kalulu ulinyakuliwa na mkondo, ukatumbukia maporomokoni, akafa yeye na waliokuwa pamoja naye. Kalulu huyu alikuwa mtoto aliyepewa Stanley huko Unyanyembe mwaka 1871. Akapelekwa Uingereza na Marekani, akarudi Afrika, akafia mtoni angali mbichi.

Katika taabu hiyo, kila mtu alipoanguka majini, wa kwanza kumrukia alikuwa Uledi. Watu zaidi ya kumi waliokuwa wakizama aliwatoa yeye. Hakuwa na cheo kikubwa msafarani. Wakubwa walikuwako wengine. Lakini penye maji, macho ya wote yalimtazama yeye.

Tarehe 3 Juni 1877 yakatokea yale niliyotaka myasikie. Stanley alikuwa ametangulia kwa njia ya nchi kavu. Nyuma alibaki msaidizi wake, Frank Pocock, kijana wa Kiingereza. Viatu vyake vilikuwa vimekwisha, miguu yake ilijaa vidonda, kutembea hakuweza. Ilikuwa achukuliwe kwa machela. Hakupenda kungoja. Akaingia mtumbwini pamoja na Uledi na wenziwe, wakashuka hata karibu na maporomoko yaitwayo Massassa. Uledi akaenda kuyatazama maji, akarudi akasema hayapitiki. Pocock hakukubali. Akawafanyia dhihaka, akawaita waoga. Basi wale mabaharia wakaona ni heri kufa kuliko kuitwa waoga, wakausukuma mtumbwi. Maji yakawameza. Walikuwa watu kumi na mmoja. Wanane walitoka, watatu hawakutoka, na Pocock, ambaye alikuwa mwogeleaji hodari, alikuwa mmoja wa wale watatu. Uledi alijaribu kumfikia, lakini maji yaliwatenga.

Ndugu zangu, hapo palikuwa na makosa mangapi? Asikiaye habari hii kwa mara ya kwanza husema: moja, la Pocock. Mimi naona mawili. Uledi alikuwa na elimu ya maji; alikwisha kuyatazama, alikwisha kusema kweli. Kisha neno moja la kuaibisha likamwondoa katika kweli yake. Mkubwa alikosa kwa kudhihaki, na mjuzi alikosa kwa kutahayari. Wala mto haukuuliza nani mkubwa na nani mdogo.

Nimeifahamu sana habari hii kwa kuwa nami nimewahi kusimama mahali pa Pocock. Sijapata kulisema jambo hili mbele ya watu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, ndiyo kwanza nimeanza kufundisha chuoni. Nimevaa kanzu, naitwa maalimu, na kichwa kilikuwa kimekwisha kuvimba. Tulialikwa harusini, mahali ukingoni mwa ziwa, kusini ya mji. Tulikuwa abiria watano. Mwenye kutuchukua alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, mwana wa mvuvi, na mtumbwi ulikuwa wa baba yake. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuvuma. Yule kijana akayatazama maji, akaniambia kwa adabu: "Maalimu, tungoje kidogo. Jua likishuka, upepo utatulia."

Nikacheka mbele ya watu. Nikamwambia: "Hujui kuwa ajali i mikononi mwa Mungu? Ama huna imani, ama huna mikono." Wote wakacheka. Yule kijana hakunijibu. Akausukuma mtumbwi.

Hatukwenda mbali. Wimbi moja likaingia omoni, la pili likatulaza ubavu. Alhamdulillah, palikuwa karibu na nchi, na wavuvi walituona, hakufa mtu. Lakini mtumbwi ulipigwa na majabali ukapasuka, na nyavu zilizokuwamo zikazama. Nami sikujua kuogelea. Aliyenishika ukosi wa kanzu hata tukafikiwa na wavuvi ni yule yule kijana niliyemwambia hana mikono.

Jioni nilikwenda kwa baba yake. Mzee yule hakunipigia kelele. Aliniuliza neno moja tu: "Maalimu, mwanangu hakukuambia?" Nikasema: "Aliniambia." Akanyamaza. Mtumbwi ule niliulipa kwa muda wa miezi kumi na minne, faranga kwa faranga, katika ada ndogo nilizopewa na wazazi wa wanafunzi. Lakini swali lile sijamaliza kulilipa.

Kosa langu lilikuwa kuchanganya kiburi na tawakkul. Mnaijua nyote habari ya bedui na ngamia wake: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha kumfunga kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Mimi nilimwacha ngamia huru, kisha nikamcheka aliyenionyesha kamba.

Habari ya Uledi ina sehemu ya pili, nayo si nyepesi. Njaa ilipozidi huko maporomokoni, ushanga ndio uliokuwa fedha ya kununulia chakula cha msafara mzima. Basi Uledi, yule aliyewaokoa wenziwe, akakutwa na ushanga wa wizi. Msafara ukakutanishwa, shauri likasikilizwa hadharani, wakubwa wakaona hapana budi apigwe. Hapo akasimama nduguye, Shumari, akaomba apigwe yeye. Akasimama na binamu yake, Saywa, akaomba naye kuichukua adhabu. Stanley alipoyaona hayo akawasamehe. Baadaye, watu walipokuwa hawajiwezi kwa njaa, ikabidi barua ipelekwe mbele hadi Boma kuomba msaada. Miongoni mwa waliojitoa kuipeleka alikuwa Uledi. Chakula kikaja, na tarehe 9 Agosti 1877 msafara ukaingia Boma. Katika wale 356 walioondoka Bagamoyo, waliofika hawakutimia theluthi moja. Wengi walikufa, na wengine walitoroka njiani.

Sisemi haya ili kumsifu Stanley. Katika safari ile watu wengi wa kandokando ya mto waliuawa kwa bunduki, na njia aliyoifungua ndiyo aliyoipita Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye dola yake ya Kongo, tangu 1885 hata 1908, iliwatesa jirani zetu mateso makubwa. Nimemtaja kwa kuwa kitabu ni chake. Fundisho ni la Uledi na nduguze. Kijana wetu akikosa, tusifiche kosa lake, wala tusimtupe. Tumhukumu mbele ya wenziwe, na pawepo na ndugu wa kusimama karibu naye. Aliyesamehewa baada ya kuhukumiwa kwa haki huenda kesho akawa ndiye mwenye kutuletea chakula.

Nanyi mtaniuliza: "Sheikh, hayo ni ya miaka ya 1870, yatuhusu nini leo?" Yatuhusu. Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilianzishwa shule moja huko Aberdovey, katika nchi ya Wales. Waanzilishi wake walikuwa Kurt Hahn, mwalimu aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, na Lawrence Holt, tajiri wa meli. Inasimuliwa kwamba meli za Holt zilipozamishwa, vijana wenye nguvu walikufa katika mashua za kuokolea upesi kuliko mabaharia wazee. Wazee walikuwa wamepata kuzoea shida, wakajua kungoja, wakajua kugawana maji, wakajua kutiana moyo. Vijana walikuwa na misuli tu. Shule ile ikaitwa Outward Bound, na ndiyo asili ya nyingine nyingi. Katika miaka ya 1950 ilifunguliwa moja Loitokitok, nchini Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro. Na huko Minnesota, Marekani, tangu miaka ya 1960 vijana hupelekwa mwituni kwa mitumbwi siku nyingi, wakipita maziwa na mito yenye maji makali.

Nimeuliza mafunzo hayo huendaje, nikaambiwa hivi. Vijana huwa wachache, kumi au zaidi kidogo. Kila siku mmoja wao hushika uongozi, na mwalimu hukaa nyuma akitazama. Wafikapo penye maji ya kasi, hawaendi kichwa kichwa. Hushuka ukingoni, huyafuata maji kwa miguu, huyatazama mwamba kwa mwamba, kisha hushauriana. Wakiona hayapitiki, huubeba mtumbwi mabegani, wakapita nchi kavu, wala hapana amchekaye mwenziwe. Jioni huketi kuzunguka moto, na aliyeongoza siku ile huambiwa alipofanya vyema na alipopotoka. Mwalimu hasemi mpaka waishe kusema, ila ikiwa pana hatari ya roho.

Na hapa karibu, Jinja nchini Uganda, tangu miaka ya 1990 watu hushuka mto Nile kwa mashua za mpira. Maporomoko ya Bujagali yenyewe yalifunikwa na maji ya bwawa lililozinduliwa mwaka 2012, lakini sehemu nyingine za maji makali zimebaki, na vijana wa Uganda ndio manahodha wake. Wana desturi moja iliyonipendeza. Kabla ya mashua kubwa kushuka, hutangulia watu katika vijitumbwi vidogo, wakangoja chini ya maporomoko, ili atakayeanguka apokewe. Wengi hudhani kiongozi ni wa kusimama juu na kuamuru. Kumbe yuko pia kiongozi angojaye chini, ambaye hapana amwonaye mpaka mtu aanguke.

Dini yetu haikuyapuuza haya. Usama bin Zaid, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikabidhiwa jeshi na Mtume hali hajatimiza miaka ishirini, na chini yake wakawamo Masahaba wakubwa. Walikuwapo walionong'ona juu ya udogo wake, na Mtume hakumwondoa. Wala hakuokotwa njiani siku ile: alilelewa karibu, akaonja safari na vita, akazoezwa. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi huwanyima vijana amana yo yote hata wafike miaka thelathini, kisha twashangaa kuwa hawajui kuchukua amana.

Na hili si jambo la mchezo kwetu sisi wa mji huu. Mwezi wa Aprili 2020 Rusizi ilivunja kingo zake ikaingia Gatumba, na mwaka 2024 ziwa likapanda tena, nyumba zikaingiliwa na maji, watu wakavushwa kwa mitumbwi penye njia walizokuwa wakipita kwa miguu. Nani waliowavusha? Wavuvi. Vijana wetu waliosoma walikwenda na mikate na blanketi, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini walisimama ukingoni, kwa kuwa katika kumi hawakupatikana wawili wa kuweza kushika kafi. Nilisimama nao. Nilimwona mama mmoja akiwanyoshea mkono kutoka barazani mwake, nao wakitazamana.

Basi, Mheshimiwa Mwenyekiti, naiomba Halmashauri iitoe tena barua ya wale kumi na wanne, iipe jibu. Sisemi tuwapeleke katika makorongo ya Rusizi. Huko si mahali pa mwanafunzi. Wala sisemi waanze na Rumonge, iliyo zaidi ya kilomita sabini. Waanze na Mugere, kiasi cha kilomita kumi na mbili kusini ya mji. Na nashauri masharti haya.

Kwanza, asiingie mtumbwini asiyejua kuogelea, na kila mmoja avae jaketi la kuelea, hata aliye hodari. Pocock alikuwa hodari. Binti zetu nao wafundishwe kuogelea, mahali pao, na walimu wanawake. Maji ya Gatumba hayakuchagua.

Pili, safari iwe alfajiri, na upepo wa mchana uwakute nchi kavu. Wajiepushe na mlango wa Rusizi na mahali penye viboko, na wenye mamlaka wa pwani wapewe habari mapema.

Tatu, uongozi uwe wa zamu, kila siku mtu wake, wala asirukwe mnyonge wala mkimya. Uimamu wa sala nao uwe hivyo. Na kila jioni aliyeongoza atoe hesabu mbele ya wenziwe.

Nne, awepo mvuvi mzoefu, na neno lake juu ya maji liwe la mwisho. Akisema tungojeni, wangojee, hata akiwapo sheikh ndani ya mtumbwi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: mwenye kuona hatari aseme, hata kama ni mdogo wa wote, na atakayemcheka mwenziwe kwa kusema "tusubiri" arudishwe nyumbani siku ile ile. Mwaujua mfano alioupiga Mtume wetu, wa watu waliogawana jahazi, wengine juu na wengine chini, na wale wa chini wakataka kulitoboa ili wapate maji karibu. Wa juu wakinyamaza, wote huzama. Nimeujua mfano huo tangu utoto, nimewafundisha watoto wenu. Na mwaka jana, katika chumba hiki, nilikuwa miongoni mwa walionyamaza.

Wafikapo Mugere watauona mwamba ulioandikwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe ya Novemba 1871, siku walizopita hapo kwa mtumbwi kutoka Ujiji. Majina ni mawili tu. Ya waliopiga makasia hayakuandikwa. Wakae kitako mbele ya mwamba ule, wawaombee wale wasioandikwa, kisha waulizane nani katika wao yu tayari kuwa nahodha bila ya jina lake kuandikwa.

Wazazi wenzangu, hofu yenu naijua, kwani mwanangu wa mwisho ni mmoja wa wale kumi na wanne. Mama yake hajaniambia ndiyo, wala hajaniambia la. Sisemi kwamba maji hayana hatari. Nimesimama hapa kwa kuwa nimeionja. Lakini mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mtoto tuliyemkinga na kila wimbi ndiye tutakayemkabidhi msikiti huu, na Jumuiya hii, na kina mama wa Gatumba, siku sisi tutakapokuwa makaburini.

Neno la mwisho. Yule mwana wa mvuvi yu hai. Sasa naye ana mvi, na ana mtumbwi wake mwenyewe. Juzi nilikwenda kwake, nikamwomba awaongoze vijana wetu. Alinitazama kitambo, akaniuliza: "Na wewe, Sheikh, utakuwamo?" Nikamwambia nitakuwamo. Akasema: "Basi safari hii nikikuambia tungoje?" Nikamwambia: "Tutangoja."

Namwomba Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu nchi kavu na majini, awape ulimi wa kusema kweli, na sisi wakubwa atupe masikio ya kuisikia. Awarehemu waliokufa maji katika ziwa letu, na waliopotelewa awape subira. Amin.